Makopo ya Udongo kutoka Kitahana

Juzi pale kahawani mlinibana, wewe Mbaraka na wenzako, mkitaka niwaeleze ilikuwaje nikaenda Kibondo kwa wiki mbili nikarudi baada ya mwezi na nusu, nimekonda, na kopo tupu mkononi. Niliwajibu kwa mkato kwa sababu kahawa ilikuwa inapoa, na mimi mnanijua, nikianza sikatiki. Sasa nimekaa, naandika. Mambo ya tikiti na barua za ruhusa nawaachia makarani, hayana utamu. Nianze na makopo, maana bila makopo safari yenyewe haieleweki.

Kazi yangu mnaijua, mnaicheka kila siku kwamba nalipwa kuchezea tope. Ofisini kwetu Morogoro tulikuwa tunafuatilia miteremko ya milima kule Kibondo, tujue mvua inaondoka na udongo kiasi gani. Juu ya Kitahana tulichagua kipande cha shamba mlimani, na chini yake likajengwa birika la saruji. Udongo wowote ulioteremka na maji ulituama humo. Kila mwisho wa mwezi mwangalizi, mama mmoja aitwaye Skolastika, alikomba kilichotuama, akakitia katika kopo la maziwa ya unga lenye namba nyekundu, akalituma kwa basi. Sisi tukapima, tukaandika, tukamrudishia kopo lake. Mimi mwenyewe sikuwahi kumwona mama huyo. Nilijua mwandiko wa mtu aliyemwandikia anwani, basi.

Makopo yalikuja yamejaa. Wakati wa mvua yamejaa, kiangazi yamejaa. Tena udongo mweusi, laini, ule wa juu unaolisha mimea. Mkuu wetu wa kazi ni mtu mpole, hapendi kukosea hata nukta, na makopo yale yalimkosesha usingizi. Alisema kama udongo unaondoka hata pasipo mvua, basi ni majembe, nyayo na mbuzi, na mlima ule utabaki mawe kabla wajukuu wa watu wale hawajaoa. Akaandika barua kwa Bwana Shamba wa wilaya: mteremko ufungwe, na familia zinazolima pale zishushwe bondeni kabla ya kupanda. Wakati ule nchi nzima watu walikuwa wanahamia vijijini, kwa hiyo barua ya namna hiyo haikuwa na wa kuipinga.

Nikapewa bahasha. Nipime kwanza kwa mara ya mwisho, nihakikishe, kisha niikabidhi. Wallahi sikuwaza mara mbili, niliona ni kazi kama kazi nyingine.

Treni

Treni sitaisimulia sana, wote mmeipanda. Ila niseme kwamba baada ya Tabora ilisimama porini kutwa nzima, na hakuna aliyetuambia kwa nini. Watu walishuka, wakawasha moto, wakachemsha chai kando ya reli kana kwamba ndiko walikokuwa wanakwenda. Mama mmoja wa Ujiji aliyekaa mbele yangu alinipa migebuka ya kukaanga, akanitazama ninavyochambua miiba, akanihurumia, akaanza kunichambulia yeye. Nilikula kama mtoto mchanga mbele ya behewa zima.

Kekee yangu ya kutobolea udongo ilikuwa imesimama kando yangu, ndefu kuliko mimi. Mama yule akaniuliza nachimba visima? Nikasema hapana. Dhahabu? Hapana. Nikamwambia nachimba udongo. Akauliza nikishauchimba naupeleka wapi, nikamwambia ofisini. Akaniongezea samaki mwingine, nadhani aliona nimerogwa.

Lori la mbegu, na siku mbili Titye

Kigoma nilipata lori lililobeba mbegu kwenda Kasulu. Dereva aliniambia tutafika jioni. Hakuniambia kwamba anapitia Titye kwanza kuteremsha magunia, wala kwamba springi ya nyuma ameifunga kwa kamba. Tulipofika Titye kamba ilikatika, na springi nayo ikafuata. Dereva akapanda baiskeli ya mtu kwenda kutafuta nyingine, akaniacha mimi, magunia na kekee.

Sasa hebu fikirini. Mgeni ameshuka kwenye lori, amevaa kaptula ya kaki, ana chuma kirefu na daftari. Watu wa pale wakajua ndiye: amekuja mtu wa kuhamisha watu. Nilipoanza kutembea barabarani sikuona mbuzi hata mmoja, wala kijana wa kiume. Nilimkuta mzee tu, Yozefu, ameketi mbele ya nyumba yake anasuka kitanga. Nikamsalimia, akapiga makofi taratibu kama ilivyo ada yao, akaniuliza habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe nisiokuwa nao, za mvua ya kwetu. Salamu ile ilichukua muda wa kuchemsha maharage. Mwisho akauliza, kwa adabu kabisa, wamepewa siku ngapi.

Nilimwambia mimi ni mtu wa udongo tu, lori limeharibika. Mbuzi wakaanza kurudi mmojammoja. Nami nikiwaambia hivyo nilikuwa na bahasha mfukoni yenye kuwahamisha watu wengine, mlima mwingine. Sikuliona hilo siku ile, naliona leo.

Mkewe, Mama Bernadeta, alinipikia ugali wa muhogo na maharage yaliyoungwa kwa mawese, nikala mpaka nikafungua mkanda. Mimi ni mtu niliyelelewa. Asubuhi nikaliosha bakuli lake vizuri, nikalipangusa, nikampelekea mlangoni. Hakulipokea. Alilitazama, akanitazama, akaingia ndani akatoka na kiazi kitamu kimoja, akakitia bakulini nikiwa bado nimelishika. Kisha ndipo akalipokea kwa mikono miwili, akashukuru kana kwamba kiazi kimetoka kwangu.

Nikamwuliza Mzee Yozefu kulikoni. Akacheka, akasema chombo cha mtu hakirudi mlangoni kwake kitupu. Ukikirudisha kitupu umemwambia undugu umekwisha, usinipe tena. Mke wake ameniokoa tu na aibu kwa vile mimi ni mgeni. Nilicheka nami, nikaliandika daftarini chini ya ukurasa, karibu na hesabu za springi. Nikaona ni kijambo cha kuwasimulia nyinyi.

Kasulu, kungoja

Kasulu niliingia nimejaa vumbi mpaka kwenye kope. Basi la Kibondo halikuwapo. Lilikuwa limeharibika mlimani, na kila asubuhi mkata tiketi alituapia kwamba fundi yuko njiani. Siku tano. Ya kwanza nilikasirika, ya pili nikafoka, ya tatu mkata tiketi akaniletea mkeka nikae kivulini nifoke vizuri. Basi nikanyamaza.

Siku hizo nilizimalizia dukani kwa Mzee Salehe, mtu wa asili ya Ujiji, mwembamba, ana kofia iliyofuliwa mpaka imekuwa nyembamba kama yeye. Dukani kwake ndiko makopo yetu yalikoshushwa basi moja na kupandishwa jingine. Alipojua mimi ni nani alinikumbatia kama ndugu aliyepotea. Akaniwekea chai ya tangawizi, akavuta chini ya meza kopo lenye namba nyekundu. Lilikuwa linarudi Kitahana, limekwama kwa ajili ya basi.

Akanikabidhi, akasema, "Bora ulichukue wewe mwenyewe. Nyinyi watu wa ofisi mna bahati. Linakwenda tupu kila mwezi, linarudi limejaa, na huyo mama hachoki."

Nikasema ndiyo, ni mwangalizi hodari. Mzee Salehe alinitazama juu ya miwani, akasubiri, akaona sina la kuongeza, akanimiminia chai nyingine. Ningekuwa na akili siku ile ningejiokoa na mengi.

Kibondo na Bwana Shamba

Basi lilipona, likatubeba. Njia ile ni ya kupanda na kushuka. Kila ukidhani umefika juu kuna kilima kingine. Mahali pawili tulishuka tukasukuma. Mahali pa tatu tulishuka kwa sababu dereva alimwona shemeji yake, na shemeji alikuwa amepika. Abiria wote tukala ndizi kwa shemeji wa dereva. Niliona ajabu lakini sikukataa.

Bwana Shamba wa wilaya nilimkuta ofisini kwake Kibondo, mtu wa makamo, shati limeloa jasho, meza imejaa orodha za majina. Mkoani walishampigia simu, kwa hiyo habari ya mteremko wa Kitahana aliijua. Alichongoja ni karatasi. Alinyoosha mkono kabla hata sijakaa. Nikamwambia nimeagizwa nipime kwanza.

Hakufurahi. Alinieleza kwamba lori amelipata kwa shida na kwamba mvua ziko karibu. Watu wakishapanda kule juu, kuwashusha itakuwa ni kuwanyima chakula cha mwaka. Hataki kufanya hivyo, ana watoto na yeye. Akiwashusha mapema watapata kulima bondeni. Niliona anasema kweli, na niliona hakulala vizuri siku nyingi. Tukaagana kwamba nitapima upesi nirudi.

Kitahana

Toka Kibondo nilipata baiskeli ya kukodi, na ilipofika kupanda mlima baiskeli ikawa mzigo na mimi ndiye punda. Kekee mgongoni, kopo limening'inia kwenye usukani likigongagonga njia nzima. Watu walijua naja kabla sijaonekana.

Mama Skolastika alinipokea uani kwake. Ni mjane, mfupi, mkakamavu, ana rozari shingoni na jembe mkononi, na anaongea Kiswahili chenye Kirundi ndani. Alivuka kutoka Burundi wakati wa mauaji, yeye na wakwe zake wawili na watoto mgongoni. Familia moja ya Waha wakampa sehemu ya mteremko wao, wakamwambia lima. Akaja mwingine na mwingine, mpaka zikawa familia tisa pale juu. Aliponiona nina kopo alilipokea kwa mikono miwili, akalitazama ndani, akalifunika tena. Niliona amenyong'onyea kidogo, lakini nikadhani ni jua.

Jioni ile nilikula kwake maharage, mboga ya kisamvu, na asali ya kumalizia. Akaniuliza kama kwetu mvua imekwisha kunyesha. Akaniambia alivyopanga shamba: matuta yamekingama mteremko, majani yamezikwa ndani ya matuta, migomba chini kushika udongo. Alisema udongo wa pale ukiutunza hauendi mahali. Nilitabasamu kwa upole, kama tunavyotabasamu sisi tuliosoma. Makopo ishirini yalinithibitishia kwamba unakwenda.

Asubuhi nikashuka birikani. Jamani, birika lilikuwa kavu. Kulikuwa na majani makavu matatu na buibui aliyejenga nyumba kona hadi kona, nyumba ya siku nyingi, imejaa vumbi. Nilipiga magoti nikapapasa saruji kwa vidole. Hapakuwa na udongo hata wa kujaza kucha, wala hapajakuwapo tangu mvua zilizopita. Na makopo ya kiangazi chote tulipokea yamejaa.

Nilipopanda tena nikamkuta Mama Skolastika ameinama chini ya migomba, mbele ya mlango wake, kopo letu limewekwa juu ya jani safi la mgomba. Anafukua kwa mkono udongo mweusi, anachagua, anatoa mizizi na vijiwe, anaupepeta kama unga. Kopo lilikuwa limeshajaa nusu.

Mnajua hasira zangu. Niliuliza huo udongo ni wa wapi, akasema ni wa hapa migombani, ndio mzuri kuliko wote. Nikauliza kwa nini asitoe birikani. Akasema birikani hamna kitu, angetutumia nini? Na wakati wa mvua? Wakati wa mvua unapatikana kidogo, basi yeye anajaliza.

Hapo hasira zikanipanda, nikamwambia ametudanganya. Nikamwambia ameidanganya serikali, amemdanganya mtu mzima anayekesha juu ya mahesabu kwa ajili yao, na kwa sababu ya udongo wake wa kupepeta sasa familia tisa zinahamishwa. Nikatoa bahasha nikaipunga. Ndiyo, niliipunga bahasha mbele ya mama wa umri wa mama yangu. Nawaandikia hata hili kwa sababu mkisikia kutoka kwa mwingine mtanidharau zaidi.

Aliketi chini, akafuta mikono kwenye kanga.

"Mwana wanje," akasema, mwanangu, "hakuna aliyeniambia kopo lina kazi gani. Mliniletea chombo kitupu kila mwezi. Nikasema hawa ni watu wa mbali, labda kwao ndivyo wanavyofanya. Lakini mimi sikufunzwa kumrudishia mtu chombo kitupu."

Nilisimama pale na bahasha yangu. Nikaliona bakuli la Mama Bernadeta wa Titye na kile kiazi kimoja. Nikamkumbuka Mzee Salehe na miwani yake, akinisubiri niseme neno. Kisha nikamkumbuka mama yangu mzazi kule Tanga, mwezi wa Ramadhani, akinituma kwa majirani na sahani zilizofunikwa, na hakuna sahani iliyorudi bila kitu, hata kama ni tende mbili au chumvi ya kukunja kwenye karatasi. Mimi mwenyewe nilizibeba sahani hizo. Nilisahau tu, kwa kuwa kopo hili lilikuwa na namba nyekundu.

Alikuwa hatudanganyi. Alikuwa anatupa kitu kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo, udongo wa mlangoni kwake, na sisi tukaupima tukasema mlima unakufa. Nilikaa chini karibu yake. Nikamwomba radhi.

Hakunikumbatia wala hakuniambia si kitu, maana kilikuwa kitu. Aliuliza barua inasema nini hasa, nikamsomea. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Kule nilihama nikaacha maharage motoni," akasema. "Mpaka leo nikipika, nafikiri moto wa sufuria lile ulizima saa ngapi. Hapa siwezi tena. Waambie siwezi."

Nilimweleza kazi ya kopo, yote, tangu mwanzo, kama ambavyo mtu angepaswa kumweleza siku birika linajengwa. Alielewa haraka kuliko makarani wetu. Akasema basi mlikuwa mnataka kujua kilichopotea, na mimi nikawapa kilichobaki. Nikasema ndiyo, ndivyo hasa. Nikamwambia kuna njia moja tu: aniachie niende na kopo la mwezi huu kama birika lilivyo. Tupu.

Hilo lilimshinda kuliko barua. Alizunguka uani. Alimwaga ule udongo chini ya mgomba alipoutoa, akaupapasa uketi. Akalipangusa kopo kwa kanga, ndani na nje, akalifunika. Akanipa kwa mikono miwili huku ameangalia pembeni, na mikono haikuachia.

"Ukifika uwaambie si kwa chuki," akasema.

Nikaahidi. Ndipo akaliachia. Kisha akanifungia maharage katika leso yangu, mengi, akasema hayo ni yangu, si ya ofisi.

Kurudi

Bwana Shamba wa Kibondo alinyoosha mkono wake tena. Nikamwambia bahasha siitoi. Alifoka, nami nilistahili. Akaniuliza mimi ni nani wa kuzuia barua ya wakubwa wangu, nikasema mimi ni mpima udongo tu, na vipimo vimekosewa, na kosa ni letu. Nikamsimulia yote, nikamwonyesha ndani ya kopo. Alilitazama muda mrefu. Akasema mama yake yuko Rungwe, na angefanya vilevile.

Lakini lori lilikuwa limeshapangwa na mkoani walikuwa wanauliza. Akanipa mpaka mvua ya kwanza. Ikinyesha hajasikia neno kutoka Morogoro, atawashusha kwa amri ya simu aliyokwisha kupewa, kwa sababu hatawaacha wapande mbegu watakazozikimbia. Nikasema haki.

Sasa zile siku zote za kungoja nilizozicheka wakati wa kwenda ziligeuka kuwa hatari. Basi lilikufa tena kabla ya Kasulu. Nilitembea na mzigo mpaka nikapata trekta, nalo likienda mwendo wa ng'ombe. Kasulu nilipeleka telegramu Morogoro, lakini nani atalieleza jambo hili kwa maneno kumi? Niliandika tu: MAKOPO YAMEKOSEWA NGOJENI NAKUJA. Mzee Salehe aliliona kopo, akaliinua, akaona jepesi. Nikamwambia najua sasa. Akaguna tu, akanikatia mkate wa njiani. Nje ya duka lake mawingu yalikuwa yamejipanga juu ya vilima upande wa Kibondo, na kila mtu mjini aliyafurahia isipokuwa mimi.

Treni nayo ilingoja injini Kigoma siku nne. Homa ikanipata, hapo ndipo nilipokonda. Nililala kwenye benchi la stesheni nimelikumbatia kopo. Mwanamke aliyekuwa anauza uji aliniuliza nimebeba nini humo cha thamani. Nikamwambia hamna kitu, akasema pole, labda alidhani nimeibiwa.

Mkuu wetu nilimkuta maabara. Niliweka kopo mezani kwake. Akalifungua, akalipindua, akaligonga kwa kidole kitakoni.

"Hili liko tupu," akasema.

Nikasema ndiyo, ndicho kipimo cha kweli cha kwanza kutoka Kitahana, na mwenyewe ametuambia si kwa chuki. Nikamweleza. Hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza alivuta daftari kubwa, lile alilolishughulikia karibu miaka miwili, akachukua rula, akaanza kukata kurasa kwa mstari mmoja mmoja ulionyooka. Sikuwahi kumwonea mtu huruma namna ile. Kisha akasimama, akavaa koti, tukaenda pamoja posta kabla haijafungwa. Telegramu aliiandika mwenyewe: barua imefutwa, watu wapande.

Hatukujua kama imewahi. Gazeti liliandika kwamba magharibi mvua zimeanza.

Kulikuwa na kopo la kurudisha. Mtunza stoo alikuwa ameshalifunga kwenye karatasi kama kawaida, na Mkuu akamwambia alifungue. Akatutuma dukani tukanunua chumvi, akaijaza mwenyewe mpaka juu. Akaongeza kopo la pili lisilo na namba. Kwenye barua nikaandika, kwa herufi kubwa atakazosomewa: lenye namba ni la birika, lije lilivyo, hata tupu. Hili jingine ni la watu.

Mwezi ukaisha, na wiki juu yake. Mnakumbuka nilivyokuwa siku zile, Mbaraka, ulinishtaki kwamba nakuibia kete kwenye bao, nami hata bao sikuwa naliona. Makopo yaliingia Jumanne, yamefungwa pamoja kwa ukamba wa mgomba. Mkuu alikata ukamba.

La watu lilijaa maharage mekundu, mpaka mfuniko ulikuwa umefungwa kwa kitambaa. Juu yake karatasi: mvua imenyesha siku ileile telegramu ilipofika, lori limerudi tupu, tumepanda wote tisa.

Lenye namba nyekundu lilikuwa limepanguswa vizuri. Chini kabisa, baada ya mwezi mzima wa mvua, palikuwa na udongo wa kujaa kijiko cha chai.